Machapisho ya ami: namna ya kuyakusanya na kuhesabu yanavyorejelewa

Ami yangu alistaafu mwaka juzi, na haikupita wiki akanijia kazini na mkoba wa ukindu umejaa karatasi. "Mwanangu," akasema kabla hajakaa, "wananiuliza h-indeksi yangu. Ndiyo kitu gani, na kwa nini iwe moja?" Chuo kimoja kilikuwa kinataka asimamie wanafunzi kwa mkataba, na fomu yao ilikuwa na kisanduku kidogo cha kujaza namba moja tu, ya kupima machapisho ya mtu na yanavyorejelewa na wengine.

Mimi ni mkutubi hapa Mjini. Kazi ya kuwapangia watu machapisho yao naifanya kila msimu wa kupanda vyeo, lakini ya ami ilinitoa jasho, maana hakukaa kwenye fani moja. Alianza na mwani, akafanya kazi kwenye miradi ya afya ya watoto kwetu Pemba, na miaka yote hiyo alikuwa akikusanya maneno ya wavuvi. Naeleza tulivyofanya, na wewe ukiwa na mzee wa namna hiyo, au ndiye wewe mwenyewe, ufuate.

Anza na jina. Namba utaziona baadaye. Sisi hapa wengi wetu hatuna jina la ukoo: una jina lako, la baba na la babu. Jarida la ng'ambo hulichukua la mwisho likalifanya ndilo lako, kwa hiyo ami anarejelewa kwa jina la babu yake, mchumaji karafuu ambaye hakuwahi kuandika hata barua. Isitoshe, majina yenyewe ni yale yale. Tafuta "H. Ali" kwenye Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafutia maandishi ya kitaaluma, utaletewa watu wa Misri, Pakistani na Malaysia kabla hujamwona wa Wete. Halafu njoo kwenye tahajia: Khamis, Khamisi, Hamis, Hamisi, Yussuf na Yusuf, Shaaban na Shaban. Chukua karatasi uandike kila sura ambayo jina limewahi kuchapwa. La ami lilikuwa na sura sita, na moja ilikuwa kosa la mpiga chapa ambalo mwenyewe hakulijua kwa miaka ishirini.

Ukishapata sura hizo, fungua ORCID. Ni namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, haina malipo, na ilianza kutolewa mwaka 2012. Watu mia wanaweza kuwa na jina moja, lakini namba hii hawachangii. Ya mwisho ikiwa X badala ya tarakimu usishtuke, ndivyo ilivyopangwa. Jisajili kwa barua pepe yako binafsi, maana ya kazini hufungwa unapoondoka. Ami alipoteza akaunti mbili kwa njia hiyo, na nywila mpya zinaendelea kutumwa kwenye sanduku asiloweza kulifungua. Kuna sehemu ya kuandika majina mengine unayojulikana nayo: mwaga zile sura zote hapo. Kisha ingiza makala moja moja kwa namba yake ya DOI, ile inayoanza na 10 na huchapwa juu au chini ya ukurasa wa kwanza. Ukiiweka, jina la jarida, mwaka na waandishi wenzako hujijaza wenyewe. Makala za zamani zisizo na DOI utaziandika kwa mkono, na hapo ndipo utakapojua nani alitunza karatasi zake na nani hakutunza.

Google Scholar inataka uangalifu zaidi, kwa sababu ina haraka. Ukifungua ukurasa wako inakuletea rundo la makala na kukuuliza kama ni zako, na mtu aliyechoka hubonyeza ndiyo kwa zote. Ami aliletewa 23. Tisa hazikuwa zake. Kadhaa kati yao zilikuwa za daktari wa meno, na ami alizitazama kwa muda akasema angependa kumjua huyo bwana. Tatu zilikuwa marudio: makala ile ile, kichwa kimeandikwa tofauti kidogo. Marudio usiyafute. Yatie alama yote mawili uyaunganishe, la sivyo unatupa na marejeleo yake. Tukabaki na 11. Baadaye nenda kwenye mipangilio uizuie isiongeze makala yenyewe bila kukuuliza; ukisahau hilo, yule daktari wa meno atarudi.

Jambo jingine kwa wastaafu: Scholar haimwoneshi mtu kwenye matokeo ya utafutaji mpaka athibitishe barua pepe ya taasisi. Ami hana tena. Tukaufanya ukurasa uwe wa wazi, tukanakili kiungo chake na kukibandika kwenye wasifu wake.

Sasa h-indeksi. Ilibuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Nilijaribu kuieleza kwa maneno, ami akatikisa kichwa. Umeme ulikuwa umekatika, kompyuta imezima, tukatoka barazani na bao lake. Nikatandaza kurasa za kwanza za makala nane za mwani juu ya mkeka, kuanzia iliyorejelewa zaidi mpaka isiyorejelewa kabisa, na juu ya kila moja nikaweka komwe kwa idadi yake: 14, 9, 7, 5, 5, 3, 1, na ya mwisho tupu. Jumla komwe 44 kati ya 64 za bao. Kisha nikamwambia ahesabu karatasi kutoka kushoto na kila afikapo aulize: je, komwe zilizo hapa zinafika namba ya karatasi hii? Ya kwanza ina 14, zinafika. Ya nne ina tano, zinafika. Ya tano ina tano, zinafika sawasawa. Ya sita ina tatu, hazifiki. Basi h ya mwani ni 5: ana makala tano ambazo kila moja imerejelewa angalau mara tano. Akacheka, akaziokota komwe zake.

Umeme uliporudi tukaongeza makala tatu za afya, alizoandika pamoja na watu wengi: 212, 88 na 31. Zipange zote 11 kwa mstari mmoja uone. Karatasi ya sita sasa ina saba, ya saba ina tano. H imepanda kutoka 5 hadi 6. Marejeleo 331 yameingia, na namba imesogea hatua moja! Lakini ukitazama jumla ya marejeleo, 375, asilimia 88 yanatoka kwenye makala hizo tatu. Kwa hiyo ukitaja jumla peke yake, msomaji atadhani ami ni mtu wa afya. Ukitaja h peke yake, hatajua kwamba aliwahi kugusa afya. Na kwa namba zote mbili, yule mkusanyaji wa maneno ya wavuvi hayumo.

Hayumo kwa sababu makala zake nne za lugha ziliandikwa kwa Kiswahili, mbili katika vitabu vya makongamano, na mashine hazikuziona. Hapa ndipo watu wengi huchoka, nami nakusihi usichoke. Tafuta kichwa cha makala kikiwa ndani ya alama za kunukuu, kwa sura zote za jina, halafu fungua tasnifu moja moja uende ukurasa wa marejeleo. Tulifanya siku tatu kwa bando la kununua. Tukapata moja imerejelewa na tasnifu nne, nyingine mbili, na mbili hazikupata kitu. Ziandike peke yake na useme wazi kuwa umezihesabu kwa mkono. Usizichanganye na za mashine.

Kwa nini fani zipishane hivi? Makala za tiba huandikwa na watu wengi, zina orodha ndefu za marejeleo, na wasomaji wake wako kila bara. Ule utafiti wa madini ya chuma uliofanywa Pemba, uliotoka katika jarida la tiba The Lancet mwaka 2006, ulionesha kwamba katika eneo lenye malaria nyingi watoto waliopewa vidonge vya chuma na foliki walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa au kufariki. Swali hilo linamhusu kila mwenye wizara ya afya penye malaria, lazima urejelewe. Mwani wa cottonii kuoza kwenye maji ya moto kunamhusu mama wa Jambiani na watu wachache wa maabara. Mtu wa lugha naye hurejelea zaidi vitabu, na kwa mwendo wa taratibu. Hirsch mwenyewe alikiri kwamba h za wanabiolojia huwa juu kuliko za wanafizikia, sasa niambie nani ampime mtu wa mwani na mtu wa methali kwa pishi moja.

(Kwa wa mwani: tafuteni kwa majina yote mawili. Cottonii kisayansi sasa ni Kappaphycus alvarezii, na spinosum ni Eucheuma denticulatum. Makala za zamani zinatumia majina ya zamani.)

Njia ya kuweka sawa ni kulinganisha makala na wenzake wa fani ile, mwaka ule na aina ile. Scopus, hifadhidata ya kulipia ya machapisho ya kitaaluma, ina kipimo kinachofanya hivyo. Wastani wa dunia ni 1, kwa hiyo makala yenye 1.5 imerejelewa nusu zaidi ya ilivyotarajiwa. Kama chuo chenu hakilipii Scopus, mwombe mkutubi wa kinacholipia akutazamie. Na ujue Scopus itakupa idadi ndogo kuliko Scholar, kwa kuwa inahesabu machapisho iliyoyachagua tu, na Scholar inaokota hata tasnifu na ripoti. Kila namba iandikie ilikotoka na tarehe uliyoitazama.

Kwenye fomu ya ami tuliandika "6, Google Scholar" ndani ya kisanduku, tukaambatanisha ukurasa mmoja wenye safu tatu: mwani, afya, lugha. Kila safu ina idadi ya makala, marejeleo, na mstari mmoja wa ami kueleza yeye alifanya nini hasa kwenye kazi hiyo. Kwa afya aliandika kwamba alisimamia ukusanyaji wa takwimu na hakuwa mwandishi mkuu. Nilimwambia aliache, akakataa. Chini tukataja Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, tamko la wataalamu wa kupima utafiti, inayotaka fani zisipimwe kwa mizani moja na utafiti wenye manufaa ya mahali ulindwe. Kamati huwa zinalegea kidogo zikiona jambo limeandikwa na watu wa mbali.

Lililomshughulisha ami zaidi ni zile tasnifu nne. Alitaka azisome. Ya tatu ilikuwa imemtaja kwa jina, mwaka na ukurasa, vizuri kabisa, halafu ikaeleza kwamba kwa mujibu wake bamvua ni wakati maji yanapopwa na kujaa kidogo, na maji mafu ni yanapojaa sana. Kinyume chake! Akavua miwani. "Hii nayo umeihesabu?" Nikamwambia ndiyo, ami, ni moja katika nne, mashine zote zingeihesabu vile vile. Akanitaka kalamu.