Kabla ya kugusa chakula jioni, pumua dakika 5

Kwa unayejitahidi kupunguza uzito huku msongo wa mawazo haukuachii: ukimaliza kazi za siku, usiende jikoni moja kwa moja. Keti, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Endelea dakika 5, ndipo uamue kama unakula. Kazi yote iko kwenye kutoa pumzi. Ikiwa ndefu kuliko kuvuta, neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, hupunguza mapigo ya moyo na mwili hupokea taarifa kwamba hatari imepita. Msongo wa muda mrefu huweza kuifanya kotisoli, homoni ya msongo, ibaki juu, nayo huchochea hamu ya vitu vitamu na vya mafuta hata kama ulishakula vya kutosha. Mimi mwenyewe, kabla ya kujua hili, nilidhani sina nidhamu, nikajinyima chakula zaidi. Kujinyima kupita kiasi nako ni mzigo mwingine kwa mwili uleule uliochoka.

Mbinu hii haitafaa ukiwa umeruka mlo wa mchana. Hiyo ni njaa ya kweli, kula. Haitafaa pia kama unalala kwa muda wa saa 4 au 5 tu kila usiku, maana usingizi mchache wenyewe huongeza hamu ya kula. Anza na usingizi. Ukihisi kizunguzungu, fupisha hesabu. Na kama chanzo ni msiba, madeni au manyanyaso nyumbani, pumzi hukupa utulivu wa muda tu. Tafadhali zungumza na mshauri au daktari.