Kurusha Redio ya Ridhaa Kutoka Kileleni na Kuingia Mashindanoni

Mwendeshaji wa redio ya ridhaa (anayewasiliana na wenzake kwa redio kwa burudani, si kwa kazi) aliyepanda kilele na redio ya wati 5 mara nyingi husikika mbali kuliko mwenye wati 100 aliyeko bondeni, kwa sababu mawimbi ya VHF (masafa ya megahezi 30 hadi 300) husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na ardhi huyazuia. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12, nawe utapata takriban upeo wa redio kwa kilomita. Antena iliyo mita 9 juu ya ardhi tambarare ina upeo wa kilomita 12 hivi, ilhali kwenye kilele kilichoinuka mita 900 juu ya nchi inayokizunguka upeo huo hufika kama kilomita 124, na vilele viwili vya namna hiyo vinaweza kuwasiliana vikiwa umbali wa karibu kilomita 250. Kwa hiyo, unapochagua mlima usitazame kimo chake kutoka usawa wa bahari, bali jinsi unavyoitawala nchi iliyo chini yake, hasa upande ule wenye waendeshaji wengi.

Hakikisha kwanza kwamba leseni yako inaruhusu mkanda (kundi la masafa) na nguvu utakazotumia, kisha geukia antena, ambayo ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Antena ya dipoli, yaani waya uliogawanywa katikati na kuunganishwa na kebo hapo, ni rahisi kutengeneza: gawanya 143 kwa masafa yaliyo katika megahezi, na jibu ni urefu wa waya wote kwa mita, yaani karibu mita 10 kwa megahezi 14.2 na pungufu kidogo ya mita 1 kwa megahezi 145. Kwa mawasiliano ya FM (namna ya sauti itumiwayo na redio nyingi za mkononi) isimamishe wima, na kwa SSB (namna ya sauti inayotumia upana mdogo wa masafa) kwenye VHF ilaze, kwa kuwa antena iliyosimama na iliyolala husikilizana kwa shida hata zikiwa zinaonana. Antena ya Yagi, yenye fito kadhaa sambamba, huzidi dipoli kwa kuelekeza nguvu upande mmoja, lakini hukulazimu kuigeuza mara kwa mara, na wengi husahau kuielekeza kule ambako hawatarajii mtu.

Kebo nayo hula nguvu. Mita 10 za kebo nyembamba ya aina ya RG-58 hupoteza takriban desibeli 2 kwenye megahezi 145, zaidi ya theluthi moja ya nguvu unayorusha, na hasara hiyohiyo huupata mwito hafifu unaokuja kwako. Kaa karibu na mlingoti na ufupishe kebo. Mimi niliwahi kupanda kwa saa kadhaa na kukuta kiungio cha kebo kimeachia ndani ya plagi, nikashuka bila mawasiliano hata moja; tangu siku hiyo hufunga kituo kizima uwanjani, kwa kebo zilezile na betri ileile, siku moja kabla ya safari.

Redio ya wati 100 huvuta takriban amperi 20 inaporusha, mzigo ambao betri ya kubebwa mgongoni haiuvumilii kwa muda mrefu. Ukisikia ngurumo, shusha mlingoti na uteremke mara moja, kwa maana kileleni wewe na antena yako ndio mlioinuka kuliko vyote.

Anayeanza afadhali aanze na mpango wa kurusha kutoka vileleni uitwao Summits on the Air, uliozinduliwa mwaka 2002 huko Uingereza. Kila kilele kina alama 1 hadi 10, na ili uzipate unahitaji mawasiliano yasiyopungua manne, ukiwa ndani ya mita 25 za wima kutoka kileleni, ukitumia vifaa ulivyopanda navyo wala si umeme wa gari, na bila kupitia ripita (kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha upya).

Mashindano, ambamo hukusanywa alama kwa kuwasiliana na vituo vingi ndani ya muda uliowekwa, yana mwendo mwingine. Katika mashindano mengi ya VHF, kila mmoja humpa mwenzake kipimo cha usikivu, namba ya mfululizo inayoanzia 001, na msimbo wa eneo wenye jumla ya herufi na tarakimu sita, na aghalabu kila kilomita huleta alama moja. Katika mashindano ya kimataifa ya CQ World Wide hutolewa kipimo cha usikivu na namba ya kanda ya dunia uliyomo, nazo kanda ni 40. Soma kanuni kabla ya kupanda, na usiite wapinzani kwenye megahezi 10, 18 wala 24, ambako kwa makubaliano hakuna mashindano.

Saa ya kwanza sikiliza na uwatafute wanaoita, kwa kuwa kituo kidogo hukamilisha mawasiliano upesi zaidi kikijibu kuliko kikiita. Mtu akimaliza kuita, taja ishara yako ya mwito (herufi na tarakimu zinazotambulisha kituo chako) mara moja tu, kwa alfabeti ya matamshi (Alfa, Bravo, Charlie na kadhalika), kisha nyamaza. Kuirudia mara tatu huwafunika wengine na hakukupi nafasi. Baadaye, vituo vipya vinapoadimika, tafuta masafa matupu, uliza kama yanatumika, na uanze kuita mwenyewe. Kilele kizuri huonekana hapo, maana hata vituo vidogo vya mbali vitakujia.

Andika kila mawasiliano papo hapo: saa ya UTC (saa moja ya pamoja kwa dunia nzima) kwa mfumo wa saa 24, ishara ya mwito, ulichotoa na ulichopewa. Waandaaji hulinganisha kumbukumbu za pande zote mbili, na tarakimu moja iliyokosewa inatosha kuyafuta mawasiliano, hivyo omba urudiwe badala ya kukisia. Tuma kumbukumbu yako kabla ya siku ya mwisho hata ukiwa na mawasiliano kumi tu, kwa sababu wale kumi wanaihitaji ili alama zao zithibitishwe.