Ukiletewa klipu ya ndege ya Mach 10 ya haidrojeni, ipime hivi

Haipiti wiki kwenye magrupu bila mtu kurusha klipu ya ndege imechongoka kama kisu, eti inaenda Mach 10, yani mara kumi ya mwendo wa sauti, London mpaka New York dakika 40, inatumia haidrojeni na haitoi moshi. Kabla hujaifowadi, anza na swali hili: inaondokaje chini? Mwendo huo unahitaji injini ya skramjeti, nayo haina feni wala mapanga ya kuvuta hewa, inategemea mwendo wake wenyewe kuisindilia hewa ndani, kwahiyo ikiwa imesimama pale uwanjani ni bomba tu. Lazima kitu kingine kiisukume kwanza.

Chukua X-43A, ndege ya majaribio ya skramjeti ya NASA. Haikuwa na rubani, urefu mita 3.7, yani fupi kuliko Probox! Ilibebwa chini ya bawa la ndege kubwa ya B-52 mpaka juu ya Pasifiki huko California, ikaachiwa, roketi ya Pegasus ikaipandisha ndo injini ikawashwa, na tarehe 16 Novemba 2004 ikafika karibu Mach 9.7. Injini iliwaka kama sekunde 10 hivi, alafu ndege ikaishia baharini kama ilivyopangwa. Ile ya kwanza ya 2001 roketi ilipotea njia wakailipua hukohuko angani.

Kwahiyo tafuta sekunde. Klipu isiyosema injini iliwaka muda gani, na kama ilikua angani au maabara, mi naiacha hapohapo.

Sasa tangi, hapa ndo wachoraji wanaumbuka. Kilo moja ya haidrojeni ina nishati karibu mara tatu ya mafuta ya ndege, na inashika moto haraka, kitu muhimu sana maana hewa inapita kwenye injini zaidi ya kilomita moja kwa sekunde (hata hivyo X-43A ilisaidiwa kuwasha na silani, gesi inayojiwakia ikigusa hewa). Lakini ukitaka iwe kimiminika uipoze mpaka nyuzi -253, na bado kwa nishati ileile itakula nafasi kama mara nne ya mafuta ya kawaida. Ukiona mchoro wa ndege nyembamba imejaa madirisha na abiria, hesabu nafasi iliyobaki.

Moshi kweli hakuna, ila mvuke upo, na kule juu unakaa sana.

Juzi nikamuuliza jamaa aliyerusha klipu, tangi liko wapi. Akajibu "chini ya siti".