Somo: Biskuti laini za sukari za kusukuma na kukata

Mtu akitoa biskuti ngumu kwenye oveni, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta mapishi mengine. Mara nyingi mapishi hayana kosa. Ulaini wa biskuti za kusukuma unaamuliwa mahali patatu: uzito wa unga ulioingia bakulini, unene wa donge ulilosukuma, na dakika ulizoziacha ndani ya oveni. Ukikosea mojawapo, siagi nzuri na vanila ya bei haitakuokoa. Ndiyo maana somo hili litakaa sana kwenye hayo matatu na kupita haraka kwenye mengine.

Vipimo (hutoa biskuti 30 hivi za upana wa sentimita 6 hadi 7)

Siagi isiyo na chumvi, gramu 225
Sukari nyeupe yenye chembe ndogo, gramu 200
Yai 1 kubwa
Mtindi mzito uliochujwa maji, gramu 60
Vanila, vijiko 2 vya chai
Unga mweupe wa ngano, gramu 400
Wanga wa mahindi, gramu 30
Beking pauda, kijiko 1 cha chai
Chumvi, nusu kijiko cha chai

Mtindi na wanga havikuwekwa kwa mapambo. Mtindi unaongeza unyevu, na uchachu wake unasaidia biskuti ibaki nyeupe badala ya kubadilika rangi haraka. Wanga hauna protini inayojenga glutini, ile inayofanya mkate uvutike. Ukiingiza gramu 30 za wanga mahali pa unga, donge linakuwa na nguvu kidogo ya kuvutika na biskuti inamumunyika mdomoni.

Kuhusu unga, tafadhali tumia mizani. Kikombe cha mililita 240 kikijazwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu kinabeba gramu 120 hadi 125. Kikombe hichohicho ukikichota moja kwa moja kutoka kwenye mfuko, unga unashindiliwa na unaweza kufika gramu 150. Kwa mapishi haya tofauti hiyo inakaribia gramu 80 au zaidi, na hizo zinatosha kabisa kugeuza biskuti laini kuwa kavu. Kama mizani hakuna, koroga unga kwanza ulegee, jaza kikombe kwa kijiko bila kugongagonga, kisha sawazisha. Unahitaji vikombe 3 na robo.

Hatua ya 1: Siagi

Itoe kwenye friji mapema. Inatakiwa iwe na nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi. Ibonyeze: kidole kiache alama lakini kisizame, na uso wa siagi using'ae kwa mafuta. Siagi iliyoanza kuyeyuka haifai hata ukiirudisha kwenye friji ikaganda tena, kwa sababu maji na mafuta yake yameshaachana. Itumie kwa kazi nyingine.

Hatua ya 2: Kuchanganya

Piga siagi na sukari kwa spidi ya kati, dakika moja hadi moja na nusu, basi. Hapa waokaji wa keki ndio wanaoteleza, maana wamezoea kupiga mpaka siagi iwe nyeupe na nyepesi kama povu. Kwenye keki hiyo hewa ni neema. Kwenye biskuti ya kukatwa, hewa hiyo inapanuka ndani ya oveni, biskuti inaumuka, kisha inanywea na kutanuka pembeni, na nyota uliyoikata inatoka kama ua lililochakaa.

Tia yai, vanila na mtindi, changanya kwa sekunde 30. Mchanganyiko ukikatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda, usiogope. Unga utaukusanya.

Chekecha pamoja unga, wanga, beking pauda na chumvi. Mimina nusu, changanya polepole, kisha mimina nusu iliyobaki. Simama mara tu unga mkavu unapopotea. Malizia kwa mwiko kwa kufuta chini ya bakuli. Usilikande donge kama la mkate, kwani kila mkando unajenga glutini.

Donge sahihi ni laini, linanata kidogo sana, lakini haling'ang'anii kidole. Likinata kweli, liweke kwenye friji dakika 15 kabla hujalihukumu. Baada ya hapo kama bado linang'ang'ania, ongeza unga kijiko kimoja cha chakula, na visizidi viwili kwa jumla.

Hatua ya 3: Sukuma kwanza, poza baadaye

Watu wengi huliviringisha donge, wakaliweka kwenye friji, kisha wakapigana nalo likiwa gumu kama jiwe. Linapasuka kingo, wanalikanda lipate joto, na faida yote ya kulipoza inapotea. Fanya kinyume chake. Gawa donge mara mbili, weka kila nusu katikati ya karatasi mbili za kuokea, na ulisukume likiwa bado laini.

Unene ni milimita 8. Sisemi milimita 3 wala 5. Biskuti nyembamba hukauka upesi hadi katikati, na hakuna namna ya kuiokoa. Kwa kuwa jicho hudanganya, tafuta vijiti viwili vya mbao vyenye unene wa milimita 8, viweke kushoto na kulia mwa donge, kifimbo cha kusukumia kipite juu yake. Kikigusa vijiti pande zote, umefika. Anzia katikati ukielekea nje, ukizungusha karatasi robo duara kila baada ya misukumo michache. Karatasi ikijikunja, ibandue na uiweke upya, la sivyo mikunjo itabaki usoni mwa biskuti.

Laza vipande hivyo, vikiwa na karatasi zake, juu ya trei na uviweke kwenye friji dakika 45 hadi saa moja. Vinaweza kulala humo hadi siku 2 ukivifunika visikauke. Muda huo unafanya kazi mbili: siagi inaganda, na unga unanywa unyevu wote sawasawa.

Hatua ya 4: Kukata

Washa oveni sasa, nyuzi 180, au 160 kama ina feni. Iache ipate moto dakika 20 kamili.

Chovya kikatio kwenye unga, kung'uta, bonyeza wima hadi chini, inua wima. Usikizungushe, maana ukingo utavutika. Baada ya kukata umbo zote, ondoa kwanza mabaki yanayozizunguka, ndipo uinue biskuti kwa kisu kipana. Zipange kwenye trei iliyotandikwa karatasi, ukiacha sentimita 3 kati yake. Trei isipakwe mafuta, kwa kuwa biskuti huteleza na kutanuka. Kisha trei nzima iingie kwenye friza dakika 10.

Mabaki usiyakunje ngumi. Yapange yakigusana kingo, yasukume upya katikati ya karatasi, yapoze, kata. Mara mbili inatosha. Mzunguko wa tatu hutoa biskuti ngumu hata kama mengine yote umeyafuata.

Hatua ya 5: Dakika zenyewe

Oka trei moja kwa wakati, katikati ya oveni. Biskuti za sentimita 6 hadi 7 huchukua dakika 9 hadi 10. Ndogo za sentimita 4 hadi 5, dakika 7 hadi 8. Kubwa za sentimita 10, dakika 11 hadi 12.

Usiiamini saa peke yake. Tazama uso wa biskuti: unapoingia una mng'ao wa unyevu, na biskuti ikiiva mng'ao huo unafifia mpaka katikati. Gusa ukingo, unatakiwa uwe umeshika. Katikati ukigusa pole pole patabonyea kidogo. Chini pawe na rangi hafifu ya dhahabu, na juu pabaki peupe.

Hapo ndipo unapozitoa, ingawa moyo utakuambia bado mbichi. Ziache juu ya trei dakika 5, kwa sababu joto la trei linaendelea kuziivisha na katikati panakamilika nje ya oveni. Ukisubiri hadi kingo ziwe na rangi ya dhahabu, kwa biskuti laini umeshachelewa. Kila oveni ina tabia yake, kwa hiyo oka mbili za majaribio kabla ya trei nzima, na uandike dakika zilizokupa ulaini unaoutaka.

Kupamba

Zipoe angalau saa moja. Changanya sukari ya unga gramu 200, maziwa vijiko 2 vya chakula na matone ya vanila, ongeza maziwa kidogo kidogo hadi utepe unaodondoka kutoka kwenye kijiko upotee bakulini ndani ya sekunde 10 hadi 15. Mwepesi zaidi ya hapo utamwagika pembeni. Ziache wazi, bila kupandana, saa 6 hadi 8 ili uso ukauke. Sukari hii pia inafunika biskuti isipoteze unyevu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Nimepoza donge saa nzima lakini biskuti bado zinatanuka. Kosa liko wapi?

Jibu: Angalia trei. Ukipanga mzunguko wa pili juu ya trei iliyotoka kwenye oveni punde, siagi inayeyuka kabla biskuti haijaanza kushika. Tumia trei mbili kwa zamu, au ipoze kwa maji na uikaushe. Kama trei ni baridi, mtuhumiwa wa pili ni oveni isiyofika nyuzi 180. Kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni kitakuonyesha ukweli, kwa sababu namba ya kwenye kitufe hukosea mara nyingi. Wa tatu ni kupiga siagi kupita kiasi.

Swali: Naweza kutumia majarini badala ya siagi?

Jibu: Inawezekana, kwa sharti iwe ile ngumu ya kuokea, yenye mafuta asilimia 80 hivi. Majarini laini za kupaka mkate nyingi zina maji mengi, na biskuti zitatanuka. Soma lebo. Ukitumia iliyo na chumvi, usitie chumvi nyingine. Poza donge dakika 30 zaidi kuliko la siagi. Ladha itapungua, hilo halifichiki.

Swali: Sukari niliyonayo ina chembe kubwa. Je, nitumie sukari ya unga yote?

Jibu: Usibadilishe yote. Sukari ya unga itakupa biskuti inayoshika umbo vizuri, lakini inayovunjika kama chenga. Saga hiyo ya chembe kubwa kwenye blenda kavu kwa sekunde chache tu, ipungue ukubwa bila kugeuka vumbi. Chembe kubwa zikiachwa haziyeyuki vizuri na huleta madoadoa usoni.

Swali: Shikamoo mwalimu. Donge langu linapasuka kingo ninapolisukuma, nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Kama limetoka kwenye friji, liache mezani dakika 5 hadi 10. Kama halikupozwa na bado linapasuka, unga umezidi. Nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha maziwa, likunje mara tatu nne, lipumzike dakika 10, jaribu tena.

Swali: Sina oveni. Sufuria nzito itafaa?

Jibu: Itafaa kwa idadi ndogo. Weka kigoda cha chuma au kisahani cha bati ndani ya sufuria nene yenye mfuniko mzito, ipashe moto dakika 15 kwa moto mdogo wa wastani, kisha weka biskuti 4 au 5 juu ya karatasi kwenye kisahani kingine. Zinachukua dakika 12 hadi 15. Joto linatoka chini pekee, kwa hiyo angalia upande wa chini kuanzia dakika ya 10. Usifunue mfuniko kabla ya hapo.

Mchango wa mwanachama: Naongeza hapo. Funga mfuniko kwa kitambaa safi, ncha zote zikusanywe juu zisiguse moto. Mvuke unanaswa na kitambaa badala ya kudondokea biskuti.

Swali: Kuna mtoto asiyekula mayai. Nitoe yai tu?

Jibu: Ukilitoa bila kitu mahali pake donge litakatika. Weka mtindi gramu 45 zaidi, juu ya zile 60. Biskuti zitakuwa laini vilevile ila hafifu kidogo, kwa hiyo epuka maumbo yenye shingo nyembamba. Na kwa watoto wote: wasionje donge bichi, hata lisilo na yai, maana unga wa ngano haujapikwa na unaweza kubeba vijidudu.

Swali: Zinakaa laini siku ngapi?

Jibu: Siku 4 hadi 5 katika chombo kinachofungwa vizuri, kwenye joto la kawaida la chumba. Zisiingie humo zikiwa na vuguvugu, mvuke utalowesha sukari ya juu. Zikianza kukauka, weka kipande cha mkate juu ya karatasi ndani ya chombo usiku mmoja. Mkate utakauka na biskuti zitalainika. Ukitaka akiba ya muda mrefu, gandisha vipande vilivyokatwa vikiwa vibichi, hadi miezi 2. Viokwe moja kwa moja kutoka kwenye friza, ukiongeza dakika 1 au 2.