Namna ya Kutumia Kikomo cha Kasi ya Mwanga Kukadiria Umbali wa Seva Ukiwa Dar es Salaam

Mtu aliyeketi Kariakoo na kompyuta yenye intaneti anaweza kuthibitisha kwamba seva, yaani kompyuta inayotoa tovuti aliyoifungua, haimjibu kutoka Ulaya, bila kumwuliza mwenye tovuti. Anachohitaji ni kujua kwamba hakuna ujumbe unaosafiri kwa kasi kuliko mwanga katika ombwe, yaani mita 299,792,458 kwa sekunde, na kwamba kikomo hicho, kinachotokana na nadharia ya Albert Einstein ya mwaka 1905, hakilegezwi na bando wala mtambo wowote.

Fungua dirisha la amri (Command Prompt kwenye Windows), andika ping, acha nafasi, kisha andika anwani ya tovuti. Kwenye Windows malizia kwa -n 50 ili upate majibu hamsini. Kompyuta itatuma pakiti ndogo, yaani vipande vidogo vya data, na kuhesabu milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) hadi jibu lirudi. Ukiweza, tumia faiba, yaani intaneti ya waya wa nyuzi za kioo, kwa sababu mtandao wa simu huongeza ucheleweshaji wake kabla pakiti haijatoka mtaani kwako.

Katika majibu hayo chukua lililo dogo kuliko yote, na wastani uuache. Pakiti hupanga foleni kwenye ruta, mitambo inayozielekeza njiani, kama daladala za Mbagala jioni, na foleni inaweza kukuchelewesha saa nzima lakini haijawahi kumfikisha mtu mapema.

Kisha zidisha jibu hilo kwa 100. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga hupungua hadi takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, sawa na kilomita 200 kwa milisekunde, na kwa kuwa pakiti huenda na kurudi, nusu ya hizo 200, yaani 100, ndiyo inayohesabika. Ulichopata ni umbali wa juu kabisa ambao seva inaweza kuwapo, wala si umbali wake halisi. Wengi hukosea hapa. Jibu la milisekunde 3 linaiweka seva ndani ya kilomita 300, hivyo haiwezi kuwa Nairobi, iliyo kilomita 670 hivi kwa mstari ulionyooka. Mwenye shaka kwamba sehemu ya njia ni ya mawimbi ya redio, yanayokaribia kasi kamili ya mwanga, na azidishe kwa 150, nusu ya kilomita 300 kwa milisekunde: atapata 450, na Nairobi bado iko mbali.

London, iliyo kilomita 7,500 hivi, haiwezi kujibu kwa faiba chini ya milisekunde 75, na kwa kawaida huchelewa zaidi, kwa kuwa mikongo ya baharini, kama SEACOM iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, haifuati mstari ulionyooka. Kwa hiyo tovuti ya kampuni ya Marekani ikikujibu kwa milisekunde 5, aliyekujibu ni nakala iliyowekwa jirani. Jibu la polepole, kwa upande wake, halithibitishi umbali, na seva nyingine hazijibu ping kabisa.

Setilaiti zinazokaa juu ya ikweta, kimo cha kilomita 35,786, zina hesabu yake: swali hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, jumla zaidi ya kilomita 143,000, ambazo mwanga huzimaliza kwa milisekunde 477 hivi. Ukiona jibu lako dogo kabisa linazidi 500, kabla hujamlaumu fundi wa mtandao, uliza kama ofisi yenu bado inatumia dishi.