Namna ya Kuhifadhi Video Ambayo Haijakamilika Bila Kuichapisha

Mtu anayepanda kutoka Chimala hadi Matamba kwa ile barabara ya kona iitwayo Hamsini na Saba, kisha akaendelea mpaka Hifadhi ya Kitulo wakati wa maua, kwa kawaida hurudi Mbeya mjini na vipande vingi vya video ambavyo hakuna hata kimoja kilicho tayari kuonyeshwa watu. Upepo umemeza sauti, ukungu umefunika nusu ya picha, na maelezo ya maua bado hayajarekodiwa. Kazi kama hiyo inapaswa kusubiri, na programu kubwa za video zina sehemu ya rasimu, au drafti, kwa ajili hiyo. Wengi huitumia sehemu hiyo bila kujua kwamba inachokihifadhi mara nyingi kinakaa ndani ya simu na si ndani ya akaunti, na hapo ndipo kazi nyingi hupotelea.

Katika TikTok, ukimaliza kurekodi na kuhariri utafika kwenye ukurasa wa kuandika maelezo, ambapo kitufe cha Drafts kipo pamoja na kile cha Post. Ukibonyeza Drafts, video itaonekana kwenye wasifu wako katika kisanduku ambacho wewe peke yako unakiona, na siku ukitaka kuendelea utakifungua na kuichagua. Lakini ukiifuta programu ili kupata nafasi, ukifuta data zake kupitia mipangilio ya Android, ukihamia simu nyingine, au ukimwachia fundi simu aiflashi, rasimu zote zinaondoka, hata kama nenosiri unalikumbuka na akaunti inafunguka vizuri. TikTok yenyewe ina sehemu ya kupunguza nafasi iliyotumika, na humo kufuta kache (mafaili ya muda ya programu) na kufuta rasimu ni mambo mawili yaliyokaa jirani. Soma kwanza, ndipo ubonyeze.

Instagram haina tofauti kubwa. Rasimu za Reels, yaani video fupi za Instagram, nazo hukaa kwenye simu na hupotea programu ikifutwa, na zile za Stories hudumu siku 7 tu, kwa hiyo Stories si mahali pa kuweka kazi ya kusubiri msimu. YouTube ni afadhali kidogo kwa anayetumia kompyuta: video uliyokwisha kuipakia kupitia YouTube Studio, ukafunga ukurasa kabla ya kujaza maelezo, hubaki kwenye orodha ya maudhui yako kama rasimu, nayo iko kwenye hifadhi ya YouTube wala haitegemei kifaa chako.

Kwa maoni yangu, rasimu ya ndani ya programu ichukuliwe kuwa ya muda mfupi tu, na kazi yenyewe ihifadhiwe kwingine. Rekodi kwa kamera ya kawaida ya simu badala ya kamera ya TikTok, ili vipande vya awali vibaki kwenye galari bila kutegemea programu yoyote. Vikusanye katika folda moja, na kila faili ulipe jina linaloeleza mahali, tarehe na hatua iliyofikiwa, kwa mfano “Kitulo maua, sauti bado”, kwa kuwa baada ya miezi miwili majina ya tarakimu ambayo kamera huyatoa hayatakuambia lolote. Kama unahariri kwa CapCut au programu inayofanana nayo, usifute vipande vya awali mpaka video itoke ikiwa kamili, maana mradi ulio ndani ya programu huvihitaji ili ufunguke sawasawa.

Nakala ya pili ndiyo inayosumbua, kwa sababu ya bando. Dakika moja ya video ya ubora wa juu wa 1080p inaweza kufikia takriban megabaiti 130, na Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo zinazogawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili mengine, kwa hiyo hifadhi ya mtandaoni hujaa mapema kuliko unavyotarajia. Anayerekodi mara kwa mara atapata nafuu akinunua kadi ya kumbukumbu au flashi, na kupeleka mtandaoni vile vipande tu ambavyo haviwezi kurekodiwa tena. Ukiamua kujitumia video kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama video ya kawaida, la sivyo itabanwa na ubora wake utashuka. Dokumenti inaweza kufika gigabaiti 2.

Njia nyingine ni kuipakia video na kuifanya ionekane na wewe peke yako. TikTok na YouTube zote zinaruhusu hivyo, na nakala hiyo haitapotea simu ikiibiwa. Hata hivyo, njia hii inaifaa video iliyokaribia kukamilika, kwa kuwa YouTube hairuhusu kubadilisha faili baada ya kulipakia, na video unayoipakua tena kutoka TikTok kwa kawaida hutoka na nembo yake. Muziki nao uwekwe mwishoni kabisa, kwani wimbo uliouchagua leo unaweza kuwa umeondolewa siku ya kuchapisha.

Ikiwa sababu ya kusubiri ni watu wanaoonekana kwenye picha, mathalani akina mama wauza viazi wa Uyole ambao hujawaomba ridhaa, iandike sababu hiyo kwenye jina la faili, ili usije ukaichapisha kwa kusahau. Siku ya kuchapisha ikifika, kagua kwanza ni akaunti ipi iliyofunguliwa na nani wataiona video, kisha uifute rasimu baada tu ya kuitazama video iliyochapishwa mpaka mwisho, ikiwezekana kwa simu ya mtu mwingine.