Kabla ya Mvua za Desemba: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayevuna Maji ya Paa Dodoma

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na kwa miezi inayobaki wenyeji wa vijijini hufukua mchanga wa korongo na kusubiri maji yachuruzike polepole hadi kata ijae. Mwenye bomba mjini asijione yu salama, kwani visima vya Makutupora, vinavyolisha mabomba ya mji, hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, hasa miaka ya El Niño. Kwa hiyo maandalizi yanayoelezwa hapa yamalizike Novemba.

La kwanza ni hesabu, ambayo kwa bahati mbaya wengi huiruka. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1. Hivyo paa la bati la mita 60 za mraba, msimu ukileta milimita 550, hupokea lita 33,000, na hata moja ya tano ikipotea zitabaki lita 26,400. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, huhitaji lita 25,680 kuanzia Mei hadi Novemba. Paa, basi, linatosha. Kinachopungua ni chombo. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa Aprili litakauka baada ya siku 41 likitumiwa kwa kila kitu, lakini likitengwa kwa kunywa na kupikia tu, lita 30 kwa siku, litafika katikati ya Oktoba. Ushauri wangu ni kulitenga.

Tangi hilo likijaa lina uzito wa tani 5, kwa hiyo lijengewe msingi imara. Koki iwekwe juu kidogo ya kitako ili tope lisitoke na maji, na mdomo ufunikwe wavu usiopitisha mbu.

Mifereji ya paa isafishwe kwa mkono, si kwa kuitazama kutoka chini, maana vumbi la kiangazi likichanganyika na kinyesi cha ndege huganda kwenye viungio. Mvua ya kwanza itashuka na maji ya rangi ya chai: bomba la kuingilia liondolewe tangini kabisa, maji hayo yamwagwe kwenye miche, kisha lirudishwe paa likishaoshwa na maji yakianza kushuka meupe.